Paka wa Sultani na Ndama wa Raia: Uhakiki wa Hadithi ya Nunda Mla Watu

Wahakiki wa ngano za Waswahili, na za majirani zao wa bara, wamezoea kumsoma mnyama kana kwamba ni mtu aliyevikwa ngozi. Sungura ni mnyonge mwenye akili. Fisi ni mlafi asiyejua kesho. Simba ni mtawala ategemeaye nguvu. Usomaji huu ulipata nafasi kubwa madarasani baada ya mwaka 1968, pale Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba fasihi ya Kiafrika, pamoja na ile ya masimulizi, iwekwe katikati ya masomo. Manufaa yake ni makubwa, kwani umewafunza wanafunzi kwamba ngano si mchezo wa watoto tu, bali ni hoja kuhusu jamii. Lakini una kasoro moja ambayo haijazungumzwa vya kutosha. Unasahau kwamba wengi wa watu waliozitamba ngano hizo walikuwa na fisi wa kweli nyuma ya zizi.

Kwa mtu akaaye katika mji ulio ukingoni mwa mwitu, mnyama si sitiari kwanza. Ni nyayo zilizoonekana alfajiri kando ya kisima. Ni mihogo iliyong'olewa usiku, kuku aliyechukuliwa na kicheche, mbuzi asiyehesabika asubuhi. Mtambaji aliyeishi hivyo hakuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa ulafi au wa hila. Mifano ilimjia mlangoni. Kwa hiyo hapana budi kuuliza, kabla ya kumgeuza mnyama wa ngano kuwa mtu, ngano yenyewe inasema nini kuhusu kuishi pamoja na wanyama. Makala haya yanaliuliza swali hilo kwa kuitazama hadithi moja mashuhuri, ile ya Sultani Majinuni na Nunda mla watu. Dai lake ni kwamba hadithi hiyo, ambayo mara nyingi huonekana kama visa viwili au vitatu vilivyoshonwa pamoja, ni hoja moja iliyokamilika: inapima njia tatu za kuishi na mnyama, na inataka kujua ni nani anayebeba gharama ya kila njia.

Chanzo cha hadithi

Hadithi hii iliandikwa Unguja na kuchapishwa London mwaka 1870 katika mkusanyiko wa Edward Steere, mmisionari aliyewasili Unguja mwaka 1864, ambaye baadaye alikuwa askofu. Mkusanyiko huo uliweka Kiswahili na tafsiri yake ya Kiingereza kurasa kwa kurasa. Mwaka 1901 hadithi hiyo ilionekana tena mahali pawili: Andrew Lang aliiingiza katika mojawapo ya vitabu vyake vya hadithi za watoto huko Uingereza, na George W. Bateman akaichapisha kwa maneno yake mwenyewe huko Chicago, akimpa shujaa wake jina la Mkaa Jikoni. Hivyo basi katika muda wa miaka 31 hadithi ya kisiwani ilikuwa imevuka bahari mbili na kuwekwa mikononi mwa watoto ambao hawakupata kulala wakisikiliza chui.

Safari hiyo haikuwa bure. Kila ilipokwenda mbali na shamba, ndivyo Nunda alivyozidi kuwa jini la hadithi na kuacha kuwa jirani. Msomaji wa London au wa Chicago alimwona kama dubwana lililozaliwa katika mawazo ya watu wa nchi za joto. Usomaji wa darasani nao, ingawa umetoka katika nia tofauti kabisa, umefika karibu na hapo: Nunda ni dhuluma, Nunda ni ukoloni, Nunda ni tamaa. Yote hayo yanaweza kuwa kweli. Lakini msikilizaji wa kwanza alimfahamu Nunda kwa jambo lililo rahisi zaidi. Alikuwa paka.

Mtende: mlinzi na mapatano

Hadithi inaanza na mti. Sultani ana mtende, na tende zake zikikaribia kuiva huja ndege akazila. Sultani ana watoto saba wa kiume. Mmoja baada ya mwingine hupelekwa kulinda, na mmoja baada ya mwingine hushindwa, kwani usingizi huwachukua. Mdogo wao, akaaye jikoni na kudharauliwa na baba yake, ndiye anayefaulu. Huchukua mahindi ya kutafuna pamoja na changarawe, ili usingizi ukimjia meno yake yakutane na changarawe naye azinduke.

Msomaji aliyekulia mjini huipita sehemu hii haraka, akiiona kama utangulizi wa kumtambulisha shujaa. Msomaji aliyepata kuamia ndege katika shamba la mtama au la mpunga hawezi kuipita hivyo. Anajua dungu ni nini: ulingo wa miti uliojengwa juu ya nguzo, ambapo mtoto huketi tangu alfajiri na kombeo mkononi. Anajua pia kwamba adui wa mlinzi si ndege wala nyani, bali ni usingizi, na kwamba mnyama huijua saa ya usingizi kuliko mwenye shamba. Changarawe mdomoni si uchawi wala nguvu za kishujaa. Ni ufundi wa kazi, na mtambaji anaueleza kama mtu anayejua kazi hiyo. Katika hadithi nyingi za masultani shujaa hushinda kwa farasi au kwa pete; huyu anashinda kwa kuwa macho.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Mtoto anamkamata ndege, lakini hamuui. Ndege anaomba aachwe, anaahidi kutorudi tena katika mtende ule, na anampa mtoto unyoya kama alama ya ahadi. Tende zinaiva na kuvunwa. Hapa pana mgogoro kamili kati ya mtu na mnyama, wenye mwanzo, kati na mwisho, na mwisho wake ni mapatano. Mnyama hapotezi roho. Mtu hapotezi mavuno. Mapatano hayo yamewezekana kwa sababu mbili: mtu alikuwepo shambani, tena macho, na mnyama alikamatwa katika kosa lake mwenyewe, si katika kosa la mwingine. Sababu hizi mbili ndizo zitakazokosekana katika sehemu zinazofuata. Kwa hiyo mtende si utangulizi. Ni kipimo ambacho hadithi inakiweka mapema ili mengine yapimwe kwacho.

Paka na ndama: mtawala asiyesikia

Sehemu ya pili inamleta paka. Sultani anampenda. Siku moja watu wanamjia wakamwambia kwamba paka amekamata ndama. Jibu la Sultani ni kwamba paka ni wake, na ndama ni wake. Siku nyingine ni mbuzi. Siku nyingine ni ng'ombe. Kisha punda, farasi, ngamia. Kila mara watu wanakuja na habari, na kila mara jibu ni lile lile. Hatimaye paka anamla mtoto wa mtu, kisha mtu mzima, na jibu halibadiliki: huyu naye ni wa Sultani.

Watoto wakisikia sehemu hii hucheka, kwani urudiaji wake unachekesha. Mhakiki anapaswa kutazama jinsi kicheko hicho kilivyoundwa. Kiswahili kinawaweka viumbe wenye uhai katika upatanisho mmoja wa kisarufi: paka, ndama, mtoto na mtu wote hupokea kimilikishi cha umbo moja. Lau Sultani angetaja nyumba au shamba, sikio lingesikia badiliko, naye msikilizaji angezinduka. Lakini kutoka ndama hadi mtoto hakuna silabi inayobadilika katika umiliki wake. Sarufi yenyewe haimzuii, na mtambaji anaitumia nafasi hiyo. Kauli iliyoanza kama haki ya mwenye mali inafika, bila kukwaa popote, kuwa haki juu ya maisha ya raia.

Yafaa pia kutazama kosa la Sultani liko wapi hasa. Hakuwa na kosa kumpenda paka. Wala hadithi haisemi kwamba paka angepaswa kuuawa alipomla ndama wa kwanza. Kosa ni kwamba habari zililetwa naye akazihesabu kuwa chuki: aliamini kwamba watu hawampendi paka wake ndiyo maana wanalalamika. Methali nyingi za Kiswahili humwonya mdogo asiyemsikia mkubwa. Asiyesikia la mkuu, husemwa, huvunjika guu. Hadithi hii inaigeuza methali hiyo juu chini. Hapa mkuu ndiye asiyesikia la wadogo, na guu linalovunjika kwanza ni lao. Ni mwishoni tu, Sultani anapotoka na wanawe kwenda kutazama shamba lake, na paka akaruka akawaua watatu kati yao, ndipo anapotamka kwamba huyo si paka tena, ni Nunda.

Kubadilika kwa jina hilo ndiko kitovu cha hadithi nzima. Mnyama hakubadilika siku ile. Alikuwa yule yule aliyemla mtoto wa mtu. Kilichobadilika ni mahali alipopiga. Alipokula vya watu alikuwa paka, na alipokula vya mwenye enzi akawa Nunda. Hadithi inafundisha kwamba jina la mnyama hutegemea mdomo wa anayemwita, na kwamba mwenye uwezo wa kumpa jina mara nyingi si yule anayelala karibu naye.

Msako: kumjua mnyama

Baada ya msiba, mtoto wa jikoni anatoka kwenda kumtafuta Nunda. Sehemu hii ya tatu ndiyo inayokumbukwa zaidi, kwa sababu ina wimbo. Mtoto anaua mnyama, anamburura hadi nyumbani akiimba kwamba amemwua Nunda. Mama yake anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Anaanza na mbwa, kisha ngawa, na baadaye wanyama wakubwa zaidi, hata twiga, kifaru na tembo. Kila mara mama anakataa.

Ni desturi kuusoma msako huu kama sifa ya uvumilivu, na bila shaka uvumilivu umo. Lakini ikiwa sehemu ya mtende ni kipimo, basi msako una upande mwingine usiopendeza. Mbwa hakula mtu. Ngawa hakula mtu. Twiga hali hata mbuzi. Mtoto yule yule aliyemkamata ndege katika kosa lake na kumwacha kwa ahadi, sasa anaua kila anayekutana naye kwa sababu nyumba imeingiwa na msiba na mtu wa kuadhibiwa hajapatikana. Haya ni matunda ya kutosikia kwa baba. Mnyama mmoja alipoachwa hadi akala watu, wanyama wote wakawa washukiwa. Kila mkulima wa ukingoni mwa hifadhi anaijua hali hii. Simba mmoja akiingia zizini na malalamiko yakikosa wa kuyasikia, sumu itiwayo katika mzoga haimchagui simba yule. Humwua simba, na fisi, na tai waliokuja baadaye.

Kinachouponya msako ni maarifa ya mama. Ni yeye aliyemweleza mwanawe alama za Nunda: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mkia mnene, madoa kama ya ngawa. Mtoto anapofika mlimani na kumkuta mnyama amelala, haendi kwa ukubwa wala kwa kelele, bali analinganisha alama moja moja na maneno ya mama. Ukubwa ulikuwa umemdanganya mara nyingi; tembo alikuwa mkubwa kuliko Nunda, lakini siye. Hivyo hadithi inakwenda kutoka mauaji ya kubahatisha hadi utambuzi, na utambuzi huo unatoka kwa mwanamke wa jikoni, si kwa askari wa jumba. Jikoni, mahali palipodharauliwa mwanzoni mwa hadithi, ndipo maarifa ya wanyama yalipohifadhiwa.

Masimulizi mengine ya mla watu

Uzito wa mpango huu huonekana vizuri zaidi ukilinganishwa na masimulizi mengine ya wanyama wala watu yaliyotoka Kenya, ambayo yamepata wasomaji wengi kuliko yote: kitabu cha J. H. Patterson cha mwaka 1907 kuhusu simba wawili wa Tsavo. Mwaka 1898 simba hao waliwaua wafanyakazi wa reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa, hata kazi ya daraja ikasimama. Patterson, aliyekuwa msimamizi wa daraja, aliwaua wote wawili mwezi wa Desemba mwaka ule. Ngozi zao zilinunuliwa baadaye na jumba la makumbusho la Field huko Chicago, ambako zimewekwa katika maonyesho hadi leo.

Ni kitabu chenye msisimko, na mwandishi wake hakukosa ujasiri. Lakini umbo lake ni la sehemu ya tatu ya Nunda peke yake. Kina msako, hakina mtende wala ndama. Hakijengi hoja yake juu ya swali la nani aliyewaleta maelfu ya vibarua kulala katika mahema mwituni, wala nani aliyesikia kilio chao cha kwanza. Walioliwa ni hesabu. Mwindaji ndiye mtu. Msimulizi wa Unguja alilijua umbo hilo la kishujaa na akalitumia, lakini hakukubali liwe hadithi nzima. Kabla ya bunduki aliweka malalamiko, na kabla ya malalamiko akaweka mapatano. Huo ndio ukomavu wa fani yake, na ndio unaopotea pale hadithi inapofupishwa kwa watoto na kuachwa na Nunda peke yake.

Pingamizi

Yaweza kupingwa kwamba usomaji huu unaipunguza hadithi. Sultani wa hadithi, pingamizi hilo litasema, si msimamizi wa wanyama. Ni mtawala wa watu, na paka wake ni mfano wa mtumishi mpendwa anayewaonea raia akikingwa na bwana wake. Unguja ya mwaka 1870 ilikuwa nchi ya sultani, na ya utumwa pia, kwani biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku huko mwaka 1873 na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hadi mwaka 1897. Msikilizaji wa wakati ule hangeshindwa kumtambua paka huyo miongoni mwa watu aliowajua.

Pingamizi hili lina nguvu, wala halipaswi kukataliwa. Hata hivyo linaeleza sehemu ya kati tu. Ikiwa paka ni liwali mwonevu, basi ndege wa mtende ni nani, na kwa nini twiga auawe? Usomaji unaomchukua mnyama kuwa mnyama hueleza sehemu zote tatu bila kuacha moja. Zaidi ya hayo, usomaji huo hauuondoi ule wa kisiasa, unaupa msingi. Ni kwa sababu watu walijua kwa uzoefu maana ya kuishi na mnyama wa mtu mwingine ndipo walipoweza kumtumia paka kumsema liwali. Sitiari hukopa nguvu zake katika jambo la kweli. Jambo hilo likisahauliwa, sitiari hubaki ganda.

Hadithi na ukingo wa mwitu

Lipo jambo jingine linaloifanya hadithi hii isizeeke. Katika Kenya mnyama wa mwitu ana mwenyewe, na mwenyewe huyo si yule anayelala karibu naye. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, nayo ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Katika miaka ya 1956 na 1957 kampeni ya kuzuia uwindaji iliwafanya Waata, mabingwa wa upinde waliozijua tabia za tembo kwa vizazi, kuwa wahalifu katika nchi yao. Sheria ya mwaka 1976 iliyaweka mambo yote ya wanyama wa mwitu chini ya idara moja ya serikali, na mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Nia ilikuwa njema, na bila hatua kama hizo huenda tembo na vifaru wangekwisha. Lakini matokeo yake katika mji wa ukingoni yalikuwa ni kwamba paka alipata bwana mmoja, naye bwana akakaa mbali.

Hapa hali ya kweli imempita hata Sultani Majinuni. Yeye alidai paka ni wake na ndama ni wake. Hasara, kwa hesabu yake, ilikuwa yake pia. Sheria ya kisasa ilisema tembo ni wa taifa, lakini mahindi yakabaki ya mkulima. Mwaka 1989 sheria ilirekebishwa, na fidia ya mazao na mali ikaondolewa, ikabaki ya kifo na majeraha. Kwa muda wa zaidi ya miaka 20 mwenye shamba lililolimwa na tembo usiku mmoja hakuwa na mlango wa kubisha. Sheria ya mwaka 2013 ilirudisha fidia ya mazao, mifugo na mali, na ikaweka shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama. Waswahili husema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Sheria hiyo imeikaribia methali katika maandishi. Katika malipo, wengi wameendelea kungoja.

Njia ya mtende nayo haikufutika. Katika wilaya za zamani za pwani, ambako mihogo, mahindi na mikorosho hupakana na msitu wa Shimba, wenye mashamba ya Mwaluganje walikubali mwaka 1995 kuiacha ardhi yao iwe njia na malisho ya tembo, kwa makubaliano ya kugawiwa mapato ya wageni. Huko Sagalla katika nchi ya Wataita, wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki inayoning'inia katika waya. Tembo akiugusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuka na kwenda zake. Nyuki hao ni changarawe mdomoni mwa mlinzi: wanakaa macho pale mtu anapolala. Mipango ya namna hii si kamili. Mgao ukipungua, ahadi hulegea. Mvua ikikosekana, nyuki huhama. Lakini ina sifa mbili ambazo hadithi ilizitaja kwanza: mtu yupo shambani, na mnyama anazuiliwa pale pale anapokosea, si kwengineko.

Upungufu wa hadithi

Haifai kumaliza bila kutaja pale hadithi yenyewe inaposhindwa. Nunda anapouawa nchi inashangilia, na mtoto aliyedharauliwa anapewa heshima na ufalme. Haki imetendeka katika jumba. Lakini mwenye ndama yuko wapi? Mama wa mtoto wa kwanza aliyeliwa, yule ambaye habari zake zilijibiwa kwa neno la umiliki, hatajwi tena. Hakuna anayemwendea kumpa pole. Watumwa waliofuatana na mtoto wa Sultani hadi mlimani, wakashiriki hatari ile ile, hawana jina. Hadithi iliyoanza kwa kusikiliza malalamiko ya watu inaishia kwa kuyasahau, na furaha ya mwisho inafunika hesabu ambayo haikufungwa.

Inawezekana mtambaji aliona hivyo ndivyo dunia ilivyo. Inawezekana pia kwamba desturi ya fani, inayotaka shujaa apate ufalme, ilimshinda nguvu. Vyovyote iwavyo, mwalimu anayeisomesha hadithi hii hapaswi kulificha pengo hilo. Ni pale penye pengo ambapo mwanafunzi kutoka Kwale, Taita au Laikipia ana neno la kuongeza ambalo mwenzake wa mjini hana. Akiulizwa Nunda ni mfano wa nini, atatoa jibu alilofunzwa. Akiulizwa nani angelipa ndama, atanyamaza kidogo, kisha ataanza kusimulia.

Fasihi simulizi imesifiwa mara nyingi kuwa hazina ya hekima, na sifa hiyo imekuwa nyepesi kwa kurudiwarudiwa. Thamani ya hadithi ya Nunda haiko katika methali inayoweza kutolewa mwishoni mwake, bali katika mpangilio wake: mlinzi aliye macho, mtawala asiyesikia, mwindaji asiyejua anachokitafuta hadi mama amweleze. Mhakiki akiuvunja mpangilio huo ili abaki na alama moja ya kisiasa, au mchapishaji akiuvunja ili abaki na dubwana la kutisha watoto, wote wawili wanafanya alivyofanya Sultani. Wameletewa habari za ndama, nao wameona paka tu.